Waliouimba Chemirocha Nao Wana Majina

Hapa Mogogosiek, jioni lori la kiwanda likishabeba majani ya chai, vijana hubaki kituoni na simu zao. Mmoja anaimba, mwingine anarekodi, na giza halijaingia wimbo tayari uko TikTok. Je, wimbo huo ni mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Kuna wimbo, na mwenyewe ni aliyeutunga. Kuna uimbaji, na mwimbaji ana haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa. Kisha kuna rekodi, na mwenye rekodi ni yule aliyeandaa shughuli ya kurekodi. Sheria hiyohiyo inasema utungo ulio kichwani tu haulindwi. Sharti uwe umeandikwa au umerekodiwa. Kwa hiyo siku wimbo unaponaswa ndiyo siku haki zinapozaliwa, na mara nyingi ndiyo siku zinapopotea.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 1950, huko Kapkatet, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwanasa Wakipsigis wakiimba na kupiga ala iitwayo chepkong. Wimbo uliovuma kuliko zote ni Chemirocha. Wasichana walikuwa wakimwimba Jimmie Rodgers, ndiye huyo Chemirocha, mwanamuziki wa Marekani ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Sura yake hawakuijua, wakamfanya nusu mtu nusu paa, wakamwalika acheze mpaka kaptula imdondoke.

Sasa tazama rekodi ile ilivyoandikwa: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Jina moja, basi. Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 bila kuikanyaga Kericho, jina lake linaimbwa hadi leo. Wale wengine waliomwimba wamebaki kuitwa wasichana.

Tracey simlaumu. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika kule Afrika Kusini, na kama si yeye, leo tusingekuwa na wimbo wa kubishania. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilileta nakala za rekodi hizo kwa Wakipsigis. Lakini kwa sheria yetu, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu irekodiwe. Piga hesabu: ya mwaka 1950 muda wake ulikwisha na mwaka 2000. Na hata ungetaka kuwalipa wasichana wale, hundi ungeandika kwa jina la nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari hilo ndilo linaloamua pesa ziende wapi. Chukua miito ya simu ya Skiza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimtengea mwenye wimbo asilimia isiyopungua 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wakala asilimia 8.5. Ni hatua nzuri. Ila fungu hilo la 52 linamfuata aliyeandikishwa. Shangazi aliyekufundisha kiitikio na jirani aliyekupigia ala, kama hawamo kwenye maandishi, hawana chao.

Nyimbo za jadi nazo zina sheria yake, ya mwaka 2016, inayolinda maarifa na sanaa za kiasili. Inaitaka kila serikali ya kaunti iweke rejista ya sanaa za jamii zake, nayo Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, itunze kumbukumbu za taifa zima. Wakipsigis wamo Bomet na wamo Kericho, kwa hiyo kaunti hizi mbili hazina budi kukaa meza moja. Mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, mwulize rejista hiyo iko wapi.

Wapo watakaosema mambo haya ya haki yatabana ubunifu. Hapana. Wasichana wa Kapkatet waliisikia sauti ya mgeni wakaitungia kitu kipya kabisa. Hakuna aliyewazuia, wala asizuiwe kijana anayefanya hivyo leo kwa kompyuta. Wanamuziki wameazimana tangu zamani. Lakini wasichana wale walipoazima, walimtaja waliyemwazima.

Basi kijana, kabla hujapandisha video, andika chini yake: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga ala, wapi na lini. Mkubaliane mgao wakati bado mnacheka pamoja, maana pesa zikishaingia mazungumzo huwa mengine. Kisha mkauandikishe wimbo KECOBO, kwa mtandao, hata ukiwa hapahapa Mogogosiek. Wakili anaweza kusubiri. Majina hayasubiri.