Kioo cha Mbele Kinachovuja

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo kuwa dogo, nalo ni maji ya mvua yapenyayo katika kioo cha mbele cha motakaa ya kizamani yenye paa la turubai la kukunja. Huenda mtu akauliza, "Tone moja la maji litadhuru nini?" Sisi nasi tuliuliza hivyo hivyo, tukajibiwa kwa gharama.

Motakaa tunayoisemea ni Morris Minor. Aina hiyo ilionyeshwa watu mara ya kwanza huko London mwezi wa Oktoba, 1948, na aliyeibuni ni Alec Issigonis. Tangu mwanzo zilikuwapo zenye paa la bati na zenye paa la turubai, na hizi za turubai ziliendelea kuundwa mpaka 1969. Hata kufika 1956 kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili; baadaye kikawa kipande kimoja kilichopindika kidogo. Gari letu ni la kioo kimoja.

Kioo hicho hakigusi bati. Kimevikwa mpira pande zote, na mpira huo una mifuo miwili: mmoja hushika kioo, wa pili hushika ukingo wa bati. Mpira ukiwa mpya ni laini, nao hubana kila mahali. Ukipigwa na jua miaka mingi hukakamaa na kusinyaa, na hasa pembeni huacha upenyo mwembamba. Maji nayo hayahitaji mlango mpana.

Sasa na tuone hatari yake. Morris Minor haina kiunzi cha chuma kilicho mbali na bodi, kama malori yalivyo. Sakafu na maboriti yaliyo chini ya milango ndiyo yachukuayo uzito. Gari la paa la bati husaidiwa na paa lake; la turubai halina msaada huo, na kwa ajili hiyo waundaji waliongeza vyuma vya kulitia nguvu huko chini. Maji yapenyayo kiooni hutelemka kwa siri nyuma ya dashibodi, yakatuama chini ya zulia. Juu zulia lakauka. Chini bati laliwa na kutu. Mwisho gari huinama katikati, milango ikakataa kufungika, nao waliomo ndani wameketi juu ya bati lililooza.

Mvua ya kwanza tulipoona tone, tulinunua gundi, tukaipaka juu ya mpira kuzunguka kioo chote, tukajisifu. Mvua ya pili tone likarudi. Tulipoinua zulia, bisibisi ilipenya sakafuni kama kisu katika papai. Tuliona haya. Kila siku twawafundisha wanafunzi wetu watafute sababu kabla ya kutoa jibu, na sisi wenyewe tulitoa jibu kabla ya kutafuta sababu.

Mafundi wa majahazi katika pwani yetu hawafanyi kosa hilo. Mwenye kukalafati hapaki mafuta juu ya ubao akaenda zake. Hutafuta upenyo ulio kati ya mbao, huondoa taka, kisha hushindilia pamba iliyotiwa mafuta. Basi tukaanza upya kwa njia hiyo.

Kwanza, kutafuta. Maji huweza kuingia kati ya kioo na mpira, au kati ya mpira na bati, au pale turubai linapofungwa juu ya fremu ya kioo, au penye matundu ya vifutio vya mvua. Tulinyunyiza unga wa chaki ndani, chini ya kioo. Mmoja wetu akaketi ndani na kurunzi, na mwenziwe akamimina maji nje kwa bomba la mpira, polepole, akianzia chini na kupanda juu, akingoja dakika tano kila mahali. Ukianzia juu, maji yatatelemka na kulowesha kila mahali, nawe hutajua lolote. Mchirizi katika chaki ulituonyesha mlango wenyewe: pembe ya chini, upande wa kushoto, kati ya mpira na bati. Tone tuliloliona sisi lilikuwa katikati!

Pili, kutengeneza. Mpira ungalipo laini, inua ukingo wake kwa kijiti cha mti, wala si kwa chuma. Ondoa taka, acha pakauke kabisa, kisha tia dawa ya kuzibia vioo, ile isiyokauka kuwa ngumu. Jihadhari na gundi inukayo kama siki, kwa kuwa asidi yake hula bati.

Mpira wetu ulikuwa umekakamaa, ikatupasa kuutoa pamoja na kioo. Tulikwangua kutu ya ukingo hata bati likang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukangoja ikauke. Mpira mpya tuliuvika kioo kwanza, tukalaza kamba katika mfuo wa pili, ncha zake zikipishana chini katikati. Tukapaka maji ya sabuni. Mmoja akabana kioo kwa viganja kutoka nje, na mwenziwe akavuta kamba kutoka ndani, taratibu, na mpira ukaruka ukingo wa bati kidogo kidogo, ukakaa mahali pake. Mwisho tukatia dawa ya kuzibia chini ya kingo za nje.

Tulirudia jaribio la chaki, na unga ukabaki mkavu. Lakini sakafu ilikuwa imekwisha kuharibika, ikambidi fundi aikate na kuunga bati jipya, na ujira wake ulizidi sana bei ya mpira. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliufunika, tukajenga ukuta.

Basi, msikilizaji uliye na gari kama hili, kesho asubuhi, kabla hujanunua gundi yo yote, inua zulia kwanza utazame. Kwa herini.