KIPIGO HAKIULIZI PASPOTI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Rahaleo, Mtwara)



Wangapi hapa hawana shemeji kutoka ng'ambo ya Ruvuma? Mmakonde ni mmoja. Mpaka waliuchora Mjerumani na Mreno. Lakini leo kuna wanaume wanaoutumia mpaka huo kama fimbo. Anampiga mke wa Msumbiji, akilia anaambiwa: "Nyamaza, nitakupeleka Uhamiaji!" Na tangu 2017 kule Cabo Delgado bunduki zinalia.

Jamani, huo si uanaume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila ziseme zitakavyo. Haikuuliza paspoti.

Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mke wa Mtanzania kuomba uraia maadamu mume yu hai. Asiyeupata hukaa kwa hati ya mtegemezi, na anayetegemewa ndiye huyo huyo mwenye ngumi! Marekani, tangu 1994, mke anayepigwa na raia hujiombea ukaazi mwenyewe, bila mume kujua. Wabunge wetu wanashindwa nini?

Wakati tunawasubiri wakubwa wazinduke, sisi tusinyamaze. Shemeji akipigwa, msindikize Dawati la Jinsia, polisi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, kwa ajili ya mlalahoi asiye na wakili. Na wewe unayetishia Uhamiaji: ulipomchumbia, ulimwomba paspoti?