Kabla Plasta Haijafunika Waya
Mazungumzo na wananchi juu ya kumchagua fundi wa nyumbani na kujikinga na moto



Nimeombwa nizungumze juu ya mafundi na moto. Nitaanzia nyumbani kwangu, maana mimi ninayesimama hapa kuwashauri nilikwisha kukosea.

Tulitaka maji ya moto bafuni. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja, kijana mchangamfu, hodari wa mikono, naye akaifunga hita ya kuogea ya wati 5,000 kwa muda wa saa mbili. Hakuvuta waya mpya. Aliunganisha kwenye waya wa soketi za korido, ambao ulifungwa kwa matumizi ya ampia 20. Juma lile lile, kila hita ilipowashwa pamoja na birika la umeme, sakiti breka ilijizima. Nikamwita. Akaitoa breka ya ampia 20, akaweka ya 40, akaniambia tatizo limekwisha. Nikamlipa, nikamshukuru, nikamwongezea na nauli.

Baada ya miezi michache tukaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua, hasa asubuhi watu wanapopokezana bafu. Siku ukuta ulipotobolewa, mpira wa waya ulikuwa umekauka na kuwa mweusi kama mkaa, na mahali pengine shaba ilikuwa wazi kabisa. Watoto wangu walikuwa wakilala upande wa pili wa ukuta huo.

Kosa lilikuwa wapi? Hesabu yake ni nyepesi, nanyi mwaweza kuifanya jikoni kwenu. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa volti 230, utapata ampia. Hita ya wati 5,000 peke yake yahitaji ampia karibu 22. Ukiongeza birika la wati 2,000, jumla yafika ampia 30 hivi, na waya ule haukuwekewa mzigo huo. Breka ilipojizima ilikuwa ikifanya kazi yake. Haikuwekwa kwa ajili ya hita wala kwa ajili ya raha zetu. Imewekwa kuulinda waya usichemke. Fundi anayeibadili kwa kubwa zaidi, huku waya ukibaki ule ule, amemfukuza mlinzi kwa sababu alikuwa akipiga kelele usiku. Mkisikia fundi anasema, "Tuweke breka kubwa tu," mwulizeni kwanza: na waya je?

Sikusudii kuwadharau mafundi wa mtaani. Wengi wao ndio waliozijenga nyumba tunazokaa, na wapo waliojifunza kazi kwa kumfuata mzee wao tangu utotoni ambao ujuzi wao ni wa kuaminika. VETA huwapima watu wa namna hiyo na kuurasimisha ujuzi walioupata kazini. Lakini umeme una sharti lake. Mtu anayefunga mfumo wa umeme katika nyumba anapaswa kuwa na leseni kutoka EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na leseni hizo zina madaraja. Kuomba kuiona si kumtukana. Fundi mwenye leseni hufurahi kuulizwa, kwa kuwa imemgharimu. Asiyekuwa nayo atawaambia ameisahau nyumbani; basi mwambieni kwa heshima kwamba mtamsubiri aifuate.

Kuhusu vifaa, nendeni naye dukani, au mnunue wenyewe kwa orodha aliyoiandika, na risiti zibaki kwenu. Tafuteni alama ya ubora ya TBS. Kuna waya unaouzwa kama wa shaba, kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangueni ncha kwa kisu, mkiona weupe, rudisheni. Waya wa namna hiyo huchemka mapema kuliko wa shaba wa unene ule ule, na maungio yake hulegea. Najua bei yake inavutia. Mimi naona heri kuacha marumaru za sebuleni zisubiri mwaka mwingine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni malipo. Tumezoea kumpa fundi fedha nyingi mwanzoni, kisha tukabaki tukimpigia simu. Andikeni makubaliano, hata kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, waya wa unene gani, siku ngapi, kiasi gani na kwa awamu zipi. Awamu ya mwisho isitoke kabla hamjauona waya ukiwa bado wazi. Pigeni picha za kuta na dari kabla ya plasta na jipsamu. Siku mtu mwingine akija kutoboa atajua pa kuepuka. Mpangaji asibadili chochote bila mwenye nyumba kujua, na mwenye nyumba asimwachie mpangaji mzigo wa kurekebisha waya uliochakaa.

Sasa niseme la grili, ingawa wengi hawalihesabu kuwa ni jambo la moto. Tunaogopa wezi, kwa hiyo kila dirisha tunalifunga kwa nondo zilizochomelewa moja kwa moja. Mlango ukizibwa na moshi, chumba hicho hakina njia ya kutokea. Mwagizeni fundi wa kuchomelea atengeneze, katika kila chumba cha kulala, grili moja inayofunguka kwa ndani, yenye bawaba na komeo ambalo hata mtoto aweza kulifungua gizani. Ikifungwa kwa kufuli, ufunguo utundikwe pale pale, mwizi asipoufikia kwa mkono. Na siku anapochomelea, ondoeni magodoro na mapazia karibu naye. Cheche huweza kujificha ndani ya sponji, moto ukazuka fundi akiwa amekwisha kuondoka.

Swichi kuu isifichwe nyuma ya kabati. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi, aonyeshwe ilipo na namna ya kuizima. Msimwagie maji moto wa umeme. Ukiwashinda, tokeni nje wote, kisha pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, mkitaja mtaa na alama ya karibu, maana nyumba zetu nyingi hazipatikani kwa urahisi.

Karatasi za mfano wa makubaliano ziko mezani kwa mwenzangu pale mlangoni. Kila kaya ichukue moja. Tuna nusu saa ya maswali. Mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja grili, tafadhali uanze.