Nani Apange Ardhi ya Kijiji?



Kijiji kinapoamua kwamba hapa tutalima, pale tutachunga na msitu ule hautaguswa, nani ana kauli ya mwisho? Msimamo wangu ni kwamba kauli hiyo ni ya kijiji. Kazi ya wilaya ni kulinda taratibu na kuamua baina ya majirani.

Nchini Tanzania, Tume ya Rais iliyoundwa mwaka 1991 kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Hata hivyo iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi, ikaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kisha Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, ikakitambua kijiji kuwa mamlaka ya upangaji.

Kisheria, basi, kijiji kina nguvu, lakini nguvu hiyo hupungua kadiri jambo linavyokuwa zito. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kutoka mikononi mwa kijiji, mkutano mkuu ndio huamua, mradi eneo halizidi hekta 250. Likizidi, uamuzi ni wa Waziri. Mpima ardhi, afisa mipango na gari viko wilayani, na kijiji husubiri bajeti ya halmashauri ya wilaya au fedha za mfadhili. Anayegharamia kikao ndiye anayepanga ajenda. Sheria ndogo za kijiji nazo hazina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iziidhinishe; zikilala kabatini, mfugaji ambaye njia yake ya mifugo imelimwa hana pa kushika. Mji ukitanuka, Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, inamruhusu Waziri kutangaza eneo kuwa la mipango miji, na mkulima wa pembezoni anaweza kukuta shamba lake limechorwa viwanja.

Wapo wanaosema vijiji haviaminiki: mwenyekiti huuza ardhi, na malisho na maji havifuati mipaka ya kijiji. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini mwenyekiti mla rushwa hudhibitiwa na mkutano mkuu unaosomewa muhtasari na kuona ramani ukutani. Uamuzi ukihamishiwa wilayani, mwananchi atalazimika kutafuta nauli ili asikilizwe, na rushwa haitakuwa imekwisha.

Kuhusu malisho, wilayani Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa pamoja, vikapanga eneo la malisho linalovuka mipaka yao, na mpango huo ukaitwa OLENGAPA kutokana na majina ya vijiji hivyo. Sheria ya 1999 inaruhusu makubaliano ya namna hiyo. Suala lililokizidi kijiji kimoja lilitatuliwa na vijiji vitatu, bila kijiji chochote kupokonywa kauli yake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, halmashauri ya wilaya iwekewe muda wa kujibu kuhusu sheria ndogo, na ikikataa itoe sababu kwa maandishi. Pili, fedha za upangaji zifike kijijini moja kwa moja, kijiji chenyewe kimwite mtaalamu. Tatu, eneo la kijiji lisitangazwe kuwa la mipango miji kabla mkutano mkuu haujasikilizwa na kujibiwa.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Chuo kikuu chetu nacho kina wajibu: wanafunzi wetu wa upangaji wafanye mafunzo kwa vitendo vijijini, wakiitwa na vijiji na kuwajibika kwa mikutano mikuu. Mtaalamu aliyezoea kujieleza mbele ya wanakijiji hatawapangia ardhi yao bila wao.