Upepo wa Ubavuni na Kutua kwa Ndege Ndogo: Mazungumzo kwa Wakazi wa Juja



Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya matibabu ya Amref iliyokuwa imeruka kutoka Uwanja wa Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, Ruiru. Watu wanne waliokuwa ndani yake walifariki, pamoja na wawili waliokuwa chini. Ajali hiyo haikuwa ya kutua. Hata hivyo, iliikumbusha kaunti hii kwamba usalama wa ndege unamhusu pia mtu asiyewahi kununua tiketi. Mazungumzo haya yanahusu hatari nyingine, inayozikabili zaidi ndege ndogo: kutua wakati upepo unavuma kutoka ubavuni.

Mwendesha bodaboda wa Thika Road anaujua upepo huo. Akilipita lori refu, upepo uliokuwa umezuiwa humpiga ghafla na pikipiki ikasogea. Yeye ana barabara ya kushikilia. Ndege iliyo hewani haina, kwa hiyo husukumwa pamoja na hewa yenyewe.

Ndege ndogo huathirika zaidi kwa sababu ni nyepesi na hutua polepole. Cessna 172, ndege ya injini moja inayotumiwa sana na wanafunzi wa urubani, hukaribia uwanja kwa mwendo wa takriban kilomita 120 kwa saa. Upepo wa ubavuni wa kilomita 28 kwa saa ni karibu robo ya mwendo huo. Kwa ndege kubwa inayotua kwa kilomita 260, upepo huohuo ni kama sehemu moja tu ya kumi.

Rubani hukabiliana na upepo huo kwa kuelekeza pua ya ndege upande unakotoka upepo, kama mpiga makasia anayelenga juu ya mkondo ili afike ng'ambo mahali alipokusudia. Karibu na ardhi hubidi ainyooshe ndege ifuate njia ya kutua, huku akishusha kidogo bawa la upande wa upepo. Gurudumu la upande huo hugusa chini kwanza. Akichelewa kuinyoosha, magurudumu hugusa chini kwa mshazari na yanaweza kuvunjika, au ndege ikatoka nje ya njia.

Kugusa ardhi pia si mwisho wa kazi. Mkia wa ndege hushika upepo kama bendera, na pua hutaka kugeukia unakotoka. Rubani akilegeza usukani mapema, ndege inaweza kuzunguka au bawa likanyanyuka.

Ndiyo maana ujenzi wa viwanja huzingatia upepo. Wilson ina njia mbili zinazoelekea pande tofauti, 07 na 14. Namba hizo zinatokana na dira: nyuzi 70 na nyuzi 140. Upepo ukiisumbua ndege kwenye njia moja, huenda nyingine ikafaa zaidi. Viwanja vingi vidogo vya mashambani na mbugani vina njia moja tu. Huko rubani hubaki na chaguo la kusubiri, kwenda kwingine au kurudi alikotoka.

Kinga kubwa kuliko zote ni kuacha kutua. Tarehe 1 Machi 2008, ndege ya Lufthansa aina ya Airbus A320 ilijaribu kutua Hamburg, Ujerumani, katika dhoruba. Bawa lake likagusa ardhi. Marubani waliongeza nguvu ya injini, wakapaa tena, kisha wakatua salama kwenye njia nyingine iliyoelekeana vizuri zaidi na upepo. Watu 137 walishuka wakiwa hai.

Kwa hiyo, mkazi akiona ndege imekaribia kutua kisha ikapaa tena, asidhani rubani ameshindwa. Mara nyingi huo ndio uamuzi sahihi. Vivyo hivyo, abiria wa ndege ndogo asimsukume rubani aliyeahirisha safari au kubadilisha uwanja. Kuchelewa kunaudhi, lakini kuna kesho yake.

Wakazi nao wana wajibu. Anayetaka kujenga jengo refu au mnara karibu na uwanja wa ndege apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA). Jengo huvuruga upepo kama lile lori la barabarani. Mifugo na watoto wasiachwe kwenye njia za ndege. Rubani anayepambana na upepo hana nafasi ya kumkwepa ng'ombe.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112 na ueleze mahali kwa alama zinazojulikana: shule, kanisa, msikiti au kituo cha matatu. Kaa mbali, kwa maana mafuta yaliyomwagika yanaweza kushika moto baadaye. Acha njia wazi kwa ambulensi na wazima moto. Usiokote kipande chochote, hata kikiwa kidogo. Wachunguzi wa ajali za ndege huhitaji kila kipande mahali kilipoangukia. Kazi yao ni kutafuta chanzo ili ajali isirudiwe, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Kipande kilichofichwa nyumbani kinaweza kuwa ndicho jibu ambalo familia zilizofiwa zinalisubiri.