Saa ya Wanamaji kwa Mnunuzi wa Pili



Leo tunazungumza juu ya saa za kifahari zilizokwisha tumika, hususan zile zinazosifiwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya wanamaji. Mfano wetu ni Panerai, kwa kuwa historia yake ni ya kweli, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kutumiwa kumlaghai mnunuzi.

Nyumba hii ya Florence, nchini Italia, ilianza katika miaka ya 1930 kuwatengenezea saa wazamiaji wa jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Makasha na mashine za saa zile za mwanzo zilitoka Rolex, na nyuso zake zilipakwa rangi yenye rediamu ili zisomeke gizani. Raia hawakuanza kuuziwa saa hizo mpaka mwaka 1993, na mwaka 1997 jina hilo likanunuliwa na kundi la Richemont. Miaka hii miwili haina budi kukumbukwa. Saa nyingi mno zilizomo sokoni zilitengenezwa baada yake, wala hakuna askari wa vita kuu aliyepata kuzivaa. Muuzaji anayedai kuwa yake ilizama na askari mwaka 1942 ama ana kitu ambacho minada mikubwa ingekigombania, ama anauza hadithi. Aghalabu ni hadithi. Na ikiwa ni ya kale kweli, isifunguliwe nyumbani: rangi ya rediamu huacha kung'aa, lakini mnururisho wake hubaki kwa karne nyingi.

Linalowaponza hata wajuzi ni mashine. Saa nyingi za Luminor za miaka ya mwanzo ya biashara hii zilitumia mashine ya kutiwa ufunguo kwa mkono aina ya Unitas 6497, ambayo asili yake ni ya saa za mfukoni. Panerai iliirekebisha na kuipamba, lakini umbo lake ni lile lile, nalo limeigwa kwa wingi viwandani China. Kwa hiyo kifuniko cha nyuma kikifunguliwa na magurudumu yakaonekana yakicheza vizuri, bado hakuna kilichothibitishwa. Anayeweza kutofautisha ni fundi aliyezizoea saa hizo, naye awe fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji. Ujira wake ni mdogo ukilinganishwa na fedha zinazoweza kupotea.

Nambari zilizochorwa nyuma ya kasha zilingane na zile za kadi ya dhamana. Sanduku, hata likiwa zuri namna gani, si ushahidi. Masanduku matupu nayo huuzwa.

Kuhusu maji, maandishi ya mita 300 ni ahadi ya siku ile saa ilipotoka kiwandani. Kinga yenyewe hutegemea pete ndogo za mpira, na mpira huzeeka hata saa ikilala kabatini. Lile daraja mashuhuri lenye wenzo, linalokibana kichwa cha kutilia ufunguo, nalo huchakaa kwa kufunguliwa mara kwa mara, hasa katika saa ambazo hazijitii ufunguo zenyewe. Saa ipimwe kwa shinikizo la hewa kabla ya malipo, na matokeo yaandikwe. Maji ya chumvi yakiingia mara moja, mashine huanza kushika kutu, na gharama ya matengenezo humwangukia mwenye saa mpya.

Stakabadhi itaje aina ya saa, nambari zake zote, vipuri vilivyobadilishwa, siku ambazo mnunuzi anaruhusiwa kuirudisha, na neno "halisi". Muuzaji akikubali kuandika yote isipokuwa neno hilo, tunashauri fedha zisitolewe. Ikiwa saa imeingia kutoka nje ya nchi, hati ya forodha ikabidhiwe pamoja nayo.