Masikini Asiyeomba: Juu ya Kazi ya Kuwafikishia Watu Haki Zao

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Tumetakiwa na jumuiya hii tuzungumze juu ya kazi tuliyoifanya Oman, katika Sharqiya na Dakhiliya, khasa Ibra, Sur na Nizwa: kazi ya kukaa na watu wenye haja, kuwajazia maombi yao, kuzitafuta karatasi zao, na kuwafikisha kwenye haki walizowekewa na dola. Wengi wenu mna asili huko, na baadhi yenu wazazi wenu wanaishi huko hadi leo, kwa hivyo mazungumzo haya si ya ugenini.

Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ameyataja makundi manane yanayostahiki zaka. Mafakiri na masikini wametangulia. Wa tatu, kabla ya mwenye deni na kabla ya msafiri aliyekatikiwa njiani, ni wale wanaoifanyia kazi zaka yenyewe. Wanachuoni wamewahisabu humo wakusanyaji, makarani na wagawaji. Sisi mara nyingi tunaipita sehemu hii haraka, tukidhani aliyekusudiwa ni mtoza zaka tu. Lakini mali ikishakusanywa haijui njia ya kwenda kwa mwenyewe. Sharti awepo mtu anayeijua nyumba.

Na nyumba yenyewe haijulikani kwa urahisi. Aya ya 273 ya Sura ya Baqara inatueleza juu ya mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri, kwa namna wanavyojizuia. Hutambulikana kwa alama zao, wala hawawang'ang'anii watu. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kwamba masikini hasa si yule anayezunguka milangoni akarudi na tonge mbili. Ni yule asiyekuwa na cha kumtosha, na watu hawamgundui, na yeye hasemi.

Tuizingatie tofauti hii. Ofisi zote duniani zimejengwa kwa ajili ya anayeomba. Zina mlango, zina dirisha, zina karani na fomu, na aliyekuja ndiye anayeandikwa. Asiyeomba ofisi haimjui, na kwa hisabu ya daftari yake ni kama kwamba hana haja. Sisi tuliyakuta mambo haya kwa macho yetu.

Kwa miaka mingi msaada wa dola Oman uliongozwa na sheria ya mwaka 1984. Iliwahusu wazee, wasiojiweza kwa maradhi au ulemavu, mayatima, wajane, waliotalikiwa, waliotelekezwa na waume zao, mabinti wasioolewa, na watu wa nyumba za wafungwa. Ilikuwa rehema kubwa, na wako waliolelewa nayo ambao leo ni madaktari na waalimu. Lakini msingi wake ulikuwa kwamba mtu athibitishe kwamba hana kipato cha kumtosha wala wa kumtazama. Huja mtafiti wa jamii nyumbani, akauliza nani anakaa hapa, nani anafanya kazi, mtoto mkubwa yuko wapi na anapokea ngapi. Mama aliyetelekezwa na mumewe akalazimika kulisema kwa ulimi wake, mbele ya mtu asiyemjua, jambo ambalo hata dada yake hajamwambia. Wako waliolisema. Wako waliomkaribisha mtafiti kwa kahawa na tende, wakamwambia, Alhamdulillah, hatuna upungufu, akaenda zake.

Mwaka 2023 ikatoka Sheria ya Hifadhi ya Jamii, kwa Amri ya Kifalme namba 52, na malipo yake yakaanza mwanzo wa mwaka 2024 chini ya Sanduku la Hifadhi ya Jamii. Kwa Mwomani aliyetimiza miaka 60 imewekwa manfaa ya uzee, riali 115 kwa mwezi. Kwa kila mtoto chini ya miaka 18, riali 10. Kwa mwenye ulemavu, riali 130. Kwa yatima na mjane, riali 80. Ipo na manfaa ya kuongezea kipato cha nyumba, na hiyo bado inapimwa kwa hali ya watu wa nyumba. Lakini mzee anapewa kwa sababu ni mzee, na mtoto kwa sababu ni mtoto. Haulizwi mtu kama ni fakiri. Ndugu zetu wa Zanzibar walikwisha kuionja njia hii: tangu Aprili 2016 Pensheni Jamii ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe na shamba la mikarafuu au asiwe nalo.

Kuna watu, hata miongoni mwa wasomi wetu, wanaosema kwamba kumpa kila mzee ni israfu, apewe mhitaji peke yake. Tunaiheshimu rai yao, lakini hatukubaliani nayo, na hoja yetu inatoka Madina.

Sayyidna Umar (R.A.) aliwawekea watoto atiya kutoka Baitul Mali, lakini alishurutisha kwamba mtoto awe ameachishwa ziwa. Sharti hilo lilikuwa na maana yake, kwani mtoto anayenyonya chakula chake kiko kwa mama. Usiku mmoja msafara wa wafanya biashara ukapiga kambi Madina, naye akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu, amtulize mtoto wake. Mtoto akalia tena, na tena. Mwisho mama, asiyejua anasema na nani, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hampi mtoto mpaka aachishwe. Imepokewa kwamba alisalisha Alfajiri siku ile na watu hawakuyasikia vizuri aliyoyasoma, kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kila mahali: msiwaharakishie watoto wenu kuwaachisha, kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ameandikiwa chake.

Zingatieni kwamba sharti lile lilikuwa dogo, na aliyeliweka ni katika watu waadilifu kabisa waliopata kutawala. Na juu ya hivyo likaingia ndani ya nyumba, likamtoa mtoto kwenye ziwa la mama yake. Kila sharti la msaada lina mahali linapouma, na aliyeliweka hapaoni mpaka atembee usiku.

Tena jambo la kumpa mtu bila ya kumuuliza si geni kwa watu wa Nizwa. Huko, kama kwengineko Oman, mitende na sehemu za maji ya falaji zimewekwa wakfu tangu enzi za mababu. Nyengine ni za msikiti, na nyengine ni za kuwafuturisha watu Ramadhani. Jua likizama, tende na kahawa zimekwisha kutandikwa. Tajiri anakaa, kibarua wa kigeni anakaa, na fakiri aliyejificha anakaa baina yao wala hakuna anayemtambua. Lau mlangoni pangekuwapo mtu wa kuuliza nani mhitaji, huyo wa mwisho ndiye ambaye angefuturu kwa maji nyumbani kwake.

Sasa tuje kwa watu wetu wenyewe. Mnaijua historia. Mababu wa Sharqiya na Dakhiliya walipanda majahazi kutoka Sur na bandari nyengine, wakaja kwa musimu Unguja, Pemba na Mombasa, na wengine wakaingia bara mpaka Tabora, Ujiji, Burundi na Kongo. Baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970, wajukuu wao wakaenda Oman. Tunasema "walirudi", ingawa wengi wao walikuwa hawajapata kuiona. Walikwenda na Kiswahili chao, na karatasi chache.

Karatasi hizo ndizo zilizotushughulisha zaidi. Mtu aliandikwa Unguja kwa jina lake, la baba na la babu, basi. Oman anatakiwa na jina la kabila. Mwengine alizaliwa bara ambako hapakuwa na cheti, umri wake ukaandikwa kwa kukadiriwa. Zamani halikuwa na uzito. Lakini haki inapofungamana na miaka 60, aliyepunguziwa miaka minne katika kitambulisho anangoja miaka minne, hali magoti yake yanamwambia mengine. Hapo hutafutwa shahidi aliyekuwa naye chuoni, hutafutwa sheikh wa kabila, hutafutwa barua ya zamani iliyokunjwa ndani ya msahafu. Kazi hii haina haraka. Tulijifunza kwamba mzee akianza kuhadithia harusi ya dada yake, tusimkate, kwani mwaka wa harusi ndio tunaoutaka.

Kisha lugha. Leo maombi hupita katika mtandao, na asiyeweza huenda ofisi za Sanad, ambako vijana humfanyia kwa ada ndogo. Vijana wale wana adabu, lakini wanauliza kwa Kiarabu cha serikali, na bibi aliyekulia Ng'ambo hujibu "naam" kwa kila suali, kwa heshima. "Naam" moja isiyokuwa mahali pake huweza kuizuia haki yake kwa miezi. Akikaa nasi tukamuuliza kwa Kiswahili, tena kwa taratibu, majibu hubadilika.

Na habari zenyewe haziendi kwa matangazo. Ibra lipo soko la wanawake la siku ya Jumatano, na wanaume hawaingii. Tuliona kwamba neno moja lililosemwa pale asubuhi na mama anayeaminiwa huvuka vijiji kabla ya Adhuhuri, na wiki ile ile watu wakaja na vitambulisho vyao.

Lakini tusiwafiche: kizuizi kilichotushinda mara nyingi kilikuwa nyinyi. Tunasema hivi kwa mapenzi. Mama yuko Sur, watoto wake wako London na Toronto. Tunamwambia, mama, hii ni haki yako. Anajibu, "Wanangu wako Ulaya, watu wasije wakasema wamenitupa." Anaiacha haki yake ili kuzilinda nyuso zetu. Na pesa za kutumiwa, tuseme kweli, mwezi huu zinafika, mwezi ule kodi ya nyumba imezila. Hapa mlipo ni hivyo hivyo. Uingereza serikali yenyewe inakadiria kwamba mamia ya maelfu ya kaya za wazee zinaistahiki Pension Credit wala haziidai, na hatudhani kwamba wazee wetu hawamo.

Jambo jengine ni la picha. Kila Ramadhani mnatuma vikapu vya chakula nyumbani, Mwenyezi Mungu awalipe. Kisha hutakiwa picha, mjane ameshika unga na mchele, atazame kamera. Ikiwa ni kwa ajili ya amana, amana ina njia zake: risiti ya duka, hisabu ya vikapu, na watu wawili waadilifu wanaotia saini. Yule mjane hana deni la uso wake kwetu. Jumuiya ya Mawakili wa Oman ina mradi wa Fak Kurba, ulioanza mwaka 2012, wa kuwalipia madeni waliofungwa kwa kushindwa kulipa. Mamia kwa mamia wamerudi kwa watoto wao, na waliochanga hawakuhitaji kuziona nyuso zao.

Basi mkimpigia simu mzazi usiku wa leo, msimuulize kama ana shida. Atasema hana. Muulizeni: pesa zako za mwezi zimeingia? Kitambulisho chako kinakwisha lini? Akaunti ya benki ni kwa jina lako, au ni ya mtoto wa jirani? Nambari ya simu iliyoandikwa ni ya nani, na bado inafanya kazi? Akisita katika moja, hapo ndipo pa kushughulikiwa.

Baada ya Tarawehe tutakaa katika chumba cha nyuma, kina mama upande wao na dada zetu wawili watakaowasikiliza. Mwenye karatasi za mzazi wake, au picha zake katika simu, aje nazo. Kila mtu ataonwa peke yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.